MARAFIKI WA AYUBU BADO WANAKUJA MATANGANI



Neno la leo ni refu kidogo, na si tamu. Kama uko kwenye matatu, lihifadhi ulisome ukifika nyumbani. Lakini usiliruke. Mmoja wetu atapokea simu ya msiba karibuni, na wewe utavaa, utapanda bodaboda, utaenda kumwona. Swali langu ni moja tu: ukifika pale, utafungua kinywa useme nini?

Kanisa letu linajua kuomba. Linajua kuimba. Kwa kutoa, Mungu awabariki, sina neno. Lakini kwa kumfariji mtu aliyeumia, wapendwa, tunaumiza watu. Wacha niseme wazi. Kuna watu waliokuwa wakikaa viti vya mbele, leo hawaji. Hawakuondolewa na kifo cha mtoto wao au ugonjwa wao. Waliondolewa na maneno tuliyowaambia siku ya tatu ya matanga.

Maneno yenyewe unayajua, pengine umeyasema juzi:

"Kazi ya Mungu haina makosa."
"Mungu alimpenda zaidi."
"Usilie, wewe ni mtu wa imani."
"Jikaze, watoto wanakuangalia."
"Angalau alikuwa amezeeka."
"Wewe bado kijana, utazaa mwingine."
"Kuna watu wana shida kuliko yako."

Na kuna lile la chini chini, linalosemwa kando ya sufuria za chai: "Lakini lazima kuna kitu. Haiwezi kuwa hivi hivi tu."

Maneno haya tumerithishana. Tuliyasikia kwa wazazi wetu, tukayatia aya mbili tatu, tukayaita faraja. Leo nataka tuyapeleke mbele ya Neno tuone kama yatasimama. Fungua nami kitabu cha Ayubu.

*1. WALIANZA VIZURI*

Unajua habari. Ayubu wa nchi ya Usi alikuwa na kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda 500. Alikuwa na watoto 10. Kwa siku moja, mali ikaisha na watoto wote wakafa. Baadaye mwili wake nao ukajaa majipu, akaketi majivuni akijikuna kwa kigae.

Rafiki zake watatu wakasikia: Elifazi Mtemani, Bildadi Mshuhi na Sofari Mnaamathi. Watu hawa tumewasema vibaya miaka mingi, lakini kwanza tuwape haki yao. Walifunga safari. Walipomwona kwa mbali hata hawakumtambua, wakalia kwa sauti, wakararua nguo zao. Kisha wakaketi naye chini, mavumbini, siku saba mchana na usiku, hakuna aliyesema neno hata moja, kwa maana waliona maumivu yake ni makubwa sana. Soma Ayubu 2:11-13.

Siku saba! Wewe umewahi kuketi na mfiwa dakika saba bila kusema kitu? Sisi tukifika tunauliza programu iko wapi, nani anaongoza nyimbo, nani anahubiri, na kama kuna maikrofoni. Tunaogopa ukimya kama vile ukimya ni pepo.

Wale watu waliketi. Na kama kitabu kingeishia mwisho wa sura ya pili, leo tungewaita mashujaa wa imani. Tatizo lilianza Ayubu alipofungua kinywa. Sura ya tatu, Ayubu analaani siku aliyozaliwa. Anatamani angekufa tumboni mwa mamaye. Na hapo rafiki zake wakashindwa kuvumilia. Machozi waliyaweza, majipu waliyaweza. Maswali ndiyo yaliyowashinda.

Mpendwa, jipime hapo. Wengi wetu tunaweza kumkumbatia mtu anayelia. Lakini akisema, "Mchungaji, nimechoka na Mungu," tunaruka kama tumeguswa na moto. Tunaanza kukemea. Tunamtetea Mungu, kama vile Mungu ametuajiri tuwe mawakili wake.

*2. WALIYOSEMA YALIKUWA HEKIMA KWELI*

Usidhani marafiki wa Ayubu walikuwa wajinga. Hapa ndipo wahubiri wengi tunapoteleza. Walikuwa wenye hekima, na hekima yao ilikuwa ileile tunayoitumia sisi.

Elifazi ana ufunuo. Katika sura ya nne anasimulia jinsi roho ilivyopita mbele ya uso wake usiku mpaka nywele zikamsimama. Huyu angekuwa na kanisa kubwa hapa Kenya.

Bildadi ana mapokeo. Katika sura ya nane anamwambia Ayubu akaulize vizazi vilivyotangulia, wazee walijua. Na katika hekima hiyo ya wazee, anamwambia baba aliyezika watoto 10 kwamba bila shaka watoto wale walikuwa wametenda dhambi. Ayubu 8:4. Soma mwenyewe usije ukasema nimeongeza chumvi.

Sofari ana mafundisho yaliyonyooka. Sura ya 11 anamwambia Ayubu kwamba Mungu hata amempunguzia adhabu, kwamba alistahili zaidi ya hapo. Fikiria! Mtu ana majipu toka utosini hadi nyayoni, na unamwambia amepewa punguzo.

Sasa sikia jambo ambalo wengi hawalijui. Kuna maneno ya Elifazi, katika Ayubu 5:13, ambayo mtume Paulo anayanukuu katika 1 Wakorintho 3:19 kama Maandiko. Maana yake nini? Elifazi hakusema uongo kila mara. Mengine aliyosema yalikuwa kweli kabisa, kweli ya kutosha kuingia kwenye waraka wa mtume.

Kwa hiyo usiniambie, "Lakini Mchungaji, nilichosema ni kweli, ni Neno." Sawa, ni Neno. Hata Elifazi alikuwa na Neno. Dawa nzuri ukimpa mgonjwa asiyehusika nayo ni sumu. Ayubu mwenyewe katika 13:4 aliwaita rafiki zake matabibu wasiofaa kitu.

Na kitabu cha Mithali, ambacho ndicho ghala la hekima, kinatuonya juu ya hekima yenyewe. Mithali 26:9 inafananisha mithali kinywani mwa mpumbavu na mwiba mkononi mwa mlevi. Mithali 25:20 inasema kumwimbia nyimbo mtu mwenye moyo mzito ni kama kumvua nguo wakati wa baridi. Ebu fikiria hilo la pili tunapofika kwa mjane saa nne usiku na spika mbili na kinanda, tunamlazimisha acheze kwa Bwana wakati mumewe bado yuko mochari.

*3. TUNASOMA MAVUNO KINYUMENYUME*

Sasa tuingie ndani ya hekima yenyewe tuone inapovunjikia.

Hekima ya marafiki wa Ayubu ilikuwa hivi: mtu mwema huona mema, mtu mbaya huona mabaya. Ayubu ameona mabaya. Basi Ayubu ni mbaya. Ni hesabu safi, imenyooka. Sisi nasi tunazo hesabu zetu. Kijana akipata ajali, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Watu wakianza kunong'ona, "Lisemwalo lipo." Dada akipoteza mimba mara ya tatu, mtu anafungua Wagalatia 6:7 kuhusu kupanda na kuvuna.

Wapendwa, sheria ya kupanda na kuvuna ni ya kweli, mimi mwenyewe naihubiri. Lakini angalia mwelekeo wake. Inamwonya mpanzi kabla hajapanda. Inasema: wewe unayeshika mbegu, angalia ni mbegu gani. Hakuna mahali imekupa ruhusa ya kusimama kando ya shamba la mtu lililokauka na kusema, "Najua alipanda nini." Shamba linaweza kukauka kwa ukame. Linaweza kuliwa na nzige. Mkulima yeyote wa Machakos anaweza kukuambia kwamba kuna mwaka unapanda mbegu bora, unapalilia vizuri, na huvuni debe.

Yesu alilisema hili mara mbili. Katika Yohana 9 wanafunzi walimwona kipofu toka kuzaliwa, wakauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akajibu kwamba si yeye wala wazazi. Katika Luka 13 wakamletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akawaongezea ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Akawauliza kama wanadhani hao 18 walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Akasema hapana. Kisha akawageukia waulizaji wenyewe na kuwaambia watubu. Umeona? Walikuja kuchunguza maiti, Yesu akawachunguza wao.

Tuilete nyumbani. Tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Wengine walikuwa kwenye maombi ya alfajiri. Nisikilize vizuri: walikuwa wakiomba. Nani ataniambia walikosa maombi? Nani ataniambia imani yao ilikuwa ndogo? Na usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka Mai Mahiu yakabeba nyumba na watu waliolala. Je, waliokuwa wamelala Mai Mahiu walikuwa wakosaji kuliko sisi tuliolala Nakuru au Nairobi tukaamka? Yesu ameshajibu. Hapana.

Hekima yetu inapenda hesabu zitoke, kwa sababu hesabu zikitoka sisi tunajisikia salama. Kama huyu dada alipoteza mtoto kwa sababu ya kosa fulani, basi mimi ambaye sina kosa hilo, mtoto wangu yuko salama. Huo ndio ukweli ulio chini ya "lazima kuna kitu." Tunasema tunamfariji mfiwa, kumbe tunajifariji wenyewe, na bei tunamtoza yeye. Ayubu aliliona hilo. Katika 6:21 anawaambia rafiki zake kwamba wameona jambo la kutisha wakaogopa.

*4. HEKIMA ISIYOJUA KUSEMA "SIJUI" HUISHIA KUSEMA UONGO*

Fuatilia Elifazi. Katika sura ya nne anaanza kwa upole. Anamkumbusha Ayubu kwamba aliwahi kuwatia nguvu wengine. Sura ya 15 ameanza kukasirika. Ukifika sura ya 22, yule mpole anamshtaki Ayubu waziwazi: ulichukua rehani za ndugu zako bure, ulimnyima mchovu maji, ulimnyima mwenye njaa chakula, uliwafukuza wajane mikono mitupu.

Alipata wapi habari hizi? Hakuna mahali. Alizitunga! Mungu mwenyewe katika sura ya kwanza na ya pili alishamshuhudia Ayubu kuwa mkamilifu, na katika 2:3 akasema mateso yale hayakuwa na sababu ndani ya Ayubu. Elifazi hakuwa na ushahidi. Alikuwa na kanuni, na kanuni ilipogongana na mtu, akaamua mtu ndiye abadilishwe.

Mpendwa, hii ndiyo hatari ninayoililia leo. Mtu asiyeweza kusema "sijui" lazima atunge. Ndiyo maana baada ya kila msiba kunatokea mtu aliyekuwa "ameona katika roho." Ulikuwa wapi na simu yako kabla ya mazishi? Ndiyo maana mama anaambiwa ni madhabahu ya ukoo wa mumewe, halafu nyumba inagawanyika, mama mkwe anaitwa mchawi, ndugu hawasalimiani tena. Ndiyo maana mgonjwa wa saratani anaambiwa asamehe mtu fulani asiyemkumbuka, na mgonjwa wa kisukari anaambiwa kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Watu wamekufa kwa faraja za namna hii. Na wakishakufa tunasema imani yao ilitetereka. Yaani tunawahukumu hata kaburini!

Ona tofauti ya nabii wa kweli. 2 Wafalme 4, yule mwanamke Mshunami mtoto wake amekufa. Anapanda punda kwenda kwa Elisha mlimani Karmeli. Gehazi anatangulia kumuuliza kama wote ni wazima, na yule mama anajibu kwamba ni wazima. Kwa nini? Mtu aliyeumia anajua nani anaweza kubeba ukweli wake na nani hawezi. Wangapi wamekujibu "niko sawa, Mungu ni mwema" kwa sababu walikuona wewe ni Gehazi?

Alipomfikia Elisha akamshika miguu. Gehazi akasogea amwondoe. Elisha akasema amwache, kwa kuwa nafsi yake imejaa uchungu, na kwamba Bwana amemficha jambo hilo, hakumwambia. Nabii mkuu kama Elisha, aliyekuwa na roho ya Eliya maradufu, anasema mbele ya mtumishi wake kwamba hajui! Kama Elisha alisema sijui, wewe uliyeanza huduma juzi unajulia wapi?

*5. HUKUMU YA MUNGU*

Mjadala wa Ayubu na rafiki zake una raundi tatu. Ukiangalia raundi ya tatu, Bildadi ana aya sita tu, na Sofari hasemi kitu. Hekima imewaishia. Kisha Elihu kijana naye anaongeza yake, halafu Bwana anasema toka upepo wa kisulisuli.

Ukweli usemwe: Mungu alimkemea Ayubu pia. Alimuuliza maswali sura nne, na Ayubu akaweka mkono kinywani, akatubu katika mavumbi na majivu. Mimi sifundishi kwamba mtu akiumia basi kila anachosema ni sawa. Lakini angalia Mungu anamkasirikia nani. Ayubu 42:7, hasira yake iliwaka juu ya Elifazi na rafiki zake wawili, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyofanya mtumishi wake Ayubu.

Subiri kidogo. Ayubu aliyelia? Ayubu aliyelalamika, akauliza kwa nini, akataka Mungu aje wahojiane? Ndiyo, huyo huyo.

Nimelitafakari hili muda mrefu, na tofauti ninayoiona ni hii. Hotuba za wale watatu ni sura tisa nzima. Tafuta ndani yake ombi moja tu ambalo wanamwombea Ayubu. Hulipati. Walisema juu ya Mungu toka mwanzo hadi mwisho, hawakusema na Mungu hata mara moja. Ayubu alisema na Mungu. Kwa uchungu, kwa machozi, wakati mwingine kwa maneno yaliyopita mpaka, lakini aliyapeleka kwa mwenyewe. Kilio kinachoelekezwa kwa Mungu bado ni imani. Mtoto anayempigia baba yake kelele bado anajua ana baba.

Na mwisho wake ni mzito. Wale watatu waliambiwa wapeleke ng'ombe saba na kondoo dume saba, na Ayubu ndiye awaombee. Watu waliokuja kumfundisha mgonjwa, sasa wanasimama mbele ya mgonjwa wakisubiri maombi yake wasiangamie. Mpendwa, yule dada unayemtungia sababu za msiba wake, omba Mungu usije ukahitaji maombi yake.

*6. "KWA HIYO MCHUNGAJI, TUSIHUBIRI TUMAINI?"*

Najua swali hili linakuja, na ni swali halali. Mtu atasema: sisi si kama wasio na tumaini, Yesu amefufuka, tukinyamaza injili itahubiriwa na nani?

Tumaini tulihubiri. Mimi nisipohubiri ufufuo kaburini, ninyang'anyeni Biblia. Lakini 1 Wathesalonike 4:13 haikatazi huzuni. Inakataza huzuni ya wasio na tumaini. Huzuni yenye tumaini bado ni huzuni, bado ina machozi. Stefano alipouawa akiwa amejaa Roho Mtakatifu, akiwa ameona mbingu zimefunguka, watu wacha Mungu walimzika wakamlilia sana. Matendo 8:2. Hakuna aliyewaambia, "Msilie, ameenda mahali pazuri." Walijua ameenda mahali pazuri, na wakalia.

Na mtazame Bwana wetu mwenyewe pale Bethania. Martha na Mariamu walimwambia maneno yaleyale, kwamba angekuwapo ndugu yao asingalikufa. Yohana 11:21 na 11:32, linganisha. Kwa Martha, Yesu alijibu kwa fundisho, fundisho kubwa kuliko yote kuhusu ufufuo. Kwa Mariamu hakufundisha. Alimwona analia, akaugua rohoni, akauliza wamemweka wapi, naye akalia. Maneno mamoja, watu wawili, majibu mawili. Yesu alimtazama mtu kwanza.

Tena alilia akijua kwamba baada ya muda mfupi Lazaro atatoka kaburini. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "usilie, kila kitu kitakuwa sawa", ni yeye. Hakusema. Wewe usiye na uwezo wa kumfufua hata kuku, haraka ya kumnyamazisha mfiwa unaitoa wapi?

Na lile la "utazaa mwingine", liache kabisa. Mwisho wa kitabu Ayubu alirudishiwa mifugo maradufu: kondoo 14,000, ngamia 6,000. Lakini watoto alipata 10, idadi ileile ya kwanza. Ngamia anaweza kufidiwa kwa ngamia. Mtoto hafidiwi kwa mtoto. Mama aliyezaa wanne akazika mmoja ana watoto wanne, na yule mmoja ana jina. Litaje.

*7. BASI TUFANYE NINI?*

Kuna aya moja ambayo wahubiri tunaipita mbio tukikimbilia baraka maradufu. Ayubu 42:11. Ndugu zake wote, dada zake wote na waliomjua zamani walimjia, wakala chakula naye nyumbani mwake, wakamlilia, wakamfariji kwa yote yaliyompata, na kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Walifika, wakala naye, wakalia naye, wakachanga. Hiyo ni harambee, wapendwa! Na hakuna hotuba hata moja iliyoandikwa pale.

Kwa hiyo:

Fika. Ujumbe wa "poleni sana, Mungu awatie nguvu" ulionakiliwa kwenye kikundi cha WhatsApp mara 40 hauchoti maji. Kama uko mbali, piga simu.

Sema kidogo. "Pole. Sina la kusema. Niko hapa na wewe." Hilo linatosha. Ukitaka kuongeza, sema, "Niambie kumhusu," halafu nyamaza umsikilize.

Tumia mikono. Kata kuni, osha sufuria, peleka watoto shule, kamua ng'ombe, nunua tokeni za stima. Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, 1 Wafalme 19, Mungu hakumtumia mhubiri kwanza. Alimtumia malaika na mkate na mtungi wa maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Maongezi yalikuja baadaye, mlimani.

Sikia anachosema, hata kikikutisha. Na kama mtu anasema anataka kufa, usimkemee wala usimwache peke yake. Kaa naye, ita mtu wa kusaidiana nawe, mpelekeni hospitali. Kumpeleka si kukosa imani.

Rudi. Turubai likishashushwa na viti vya kukodi vikisharudishwa, hapo ndipo msiba unaanza. Nenda baada ya mwezi. Nenda siku ya kuzaliwa ya marehemu. Nenda Januari wakati wa karo, kwa sababu aliyekuwa akilipa karo amezikwa Novemba.

Na omba. Omba pale pale, kwa ufupi, kwa sauti ya chini. Ombi la dakika moja linalosema na Mungu ni bora kuliko hotuba ya saa moja inayosema juu yake.

*KWAKO UNAYEUMIA*

Najua unasoma hili usiku, usingizi umekataa. Kama tulikuja kwako na maneno yaliyokuumiza, nataka ujue kwamba hayakutoka kwa Mungu kwa sababu tu yalitoka kwa mtu aliyeshika Biblia. Mungu aliwasikiliza marafiki wa Ayubu mpaka wakamaliza, na alipojibu hakuwa upande wao. Lia. Uliza. Mwambie Yeye mwenyewe, kwa lugha ya mama yako, bila kupanga maneno. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa shangwe mwishoni, na Mungu akairuhusu ikae ndani ya Biblia. Hata wewe una nafasi.

*TUOMBE*

Baba, katika jina la Yesu, weka mlinzi mlangoni pa vinywa vyetu tuingiapo katika nyumba za maombolezo. Utuondolee hofu inayotufanya tutafute makosa ya walioumia. Utupe ujasiri wa kusema "sijui" na upendo wa kubaki. Wakumbuke waliozika mwaka huu, na walio hospitalini, na waliokata tamaa. Uwafikie pale ambapo maneno yetu hayafiki. Amina.

Wapendwa, siku nyingine huwa nawaomba muandike Amina hapa chini. Leo sitaki Amina. Nataka ufunge hii simu yako kwenye Facebook, ufungue majina, utafute mtu mmoja ambaye msiba wake tumeshausahau. Mpigie. Akikuuliza kwa nini umepiga, mwambie ulitaka tu kujua kama amekula.

Mungu awabariki. Tuonane Jumapili.

Mchungaji wenu.